Maziwa ya Nyumba Nane

Mwezi uliopita maji ya Tana yalipungua mpaka nguzo za gati la zamani zikaonekana. Ni nguzo tano, zimeliwa na maji zikawa nyembamba katikati, na mojawapo imeinama kama mzee anayetafuta fimbo yake. Nilisimama kuzitazama pamoja na kundi la vijana. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, aliwaeleza wenzake kwamba hapo ndipo biashara ya Garissa ilipoanzia: serikali ya mkoloni ilijenga gati, mitumbwi ikaja, watu wakaanza kuuziana. Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia si kweli. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama bibi aliyekaa juani muda mrefu.

Basi ninaandika. Ninawaandikia hasa nyinyi wa rika langu, mliokuwa watoto baada ya vita na Mtaliano, maana tukinyamaza sisi, nguzo ndizo zitakazosema. Gati lile lilikaa misimu miwili na mitumbwi ikilipita kando. Halafu mvua za milimani zikaja, mto ukabeba mbao zote, zikabaki nguzo. Sababu ya mitumbwi kulipita haikuwa mto. Niliiona mwenyewe, na sehemu yake moja ilitoka kinywani mwangu.

Kabla ya gati palikuwa na diko, yaani mteremko wa udongo uliokanyagwa na miguu mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Mitumbwi ya Wapokomo ilipanda mto kutoka mashambani kwao na mahindi, ndizi na asali. Wanawake wetu waliteremka kutoka nyikani na maziwa na samli. Harufu ya pale bado ninayo: ngozi zilizowambwa juani, ndizi zilizoanza kuiva kupita kiasi, tope, na juu ya yote moshi wa vyombo vya maziwa. Chombo chetu cha maziwa, dhiil, kinafumwa kwa nyuzi za mizizi mpaka kisipitishe tone. Kabla ya kukamuliwa ndani yake hufukizwa kwa kijinga cha moto, ndiyo maana maziwa hayaharibiki njiani, na ndiyo maana huwa na chembe ndogo nyeusi za mkaa. Mtoto aliyelelewa kwetu akipewa maziwa yasiyo na moshi huuliza nani mgonjwa.

Hapakuwa na fedha. Kopo la mahindi kwa bakuli la maziwa, wakati mwingine makopo mawili ikiwa mto umejaa chakula na sisi tuna kiangazi kikali. Kila mwanamke alikuwa na mahali pake pa kukaa dikoni. Hapakuwa na alama, lakini hata mgeni alipajua, kwa sababu akikaa pasipo pake aliambiwa.

Sasa sikilizeni namna ya kubeba, maana ndipo mambo yalipofungika. Makazi yetu yalikuwa mwendo wa asubuhi nzima kutoka mtoni, kwa sababu ya mbung'o. Tulikuwa nyumba nane. Ingekuwa upuuzi wanawake wanane kutembea kila siku, kila mmoja na maziwa ya kujaza mabakuli mawili. Kwa hiyo walibeba kwa zamu. Mwenye zamu aliondoka alfajiri na punda mmoja na vyombo saba vya wenzake, kila kimoja na mkanda wake wa ngozi uliofungwa kwa namna ya mwenyewe. Chombo chake yeye hakukibeba. Aliacha maziwa ya nyumba yake yanywewe na watoto, wake na wa jirani, ili akiwa dikoni asiwe na la kwake la kutanguliza. Jioni aligawa mahindi nyumba kwa nyumba. Kesho yake zamu ilikuwa ya mwingine.

Mama yangu aliitwa Dahabo. Nilimwita Hooyo, kama sote tunavyowaita mama zetu. Baba alikuwa mbali na ngamia. Zamu ya Hooyo ilipofika nilikwenda naye, kwa kuwa nilijua Kiswahili. Nilikiokota kwa watoto wa askari na kwa Komora, mwenye mtumbwi mrefu kuliko yote. Wanawake wetu walikuwa na Kiswahili cha dikoni tu, kinachotosha kupigania kopo. Mtu akianza maneno marefu, walinisukuma mbele.

Kiangazi kimoja wakaja watu na mbao za jeshi na mapipa. Wakapiga nguzo ndani ya maji, wakazifunga kwa minyororo. Mimi sikuwahi kuona nguzo zikisimamishwa ila kwa ajili ya zizi, na sikuwahi kuona kamba ila ya kufungia mnyama. Nikaelewa kwamba serikali inataka kuufunga mto. Nilikwenda nikamwambia Hooyo kwa siri kwamba mto utafungwa mguu wa mbele, kama ngamia. Hakucheka. Alitazama nguzo, akasema, "Si mto wanaotaka kuufunga."

Gati lilipokamilika lilizungushiwa seng'enge, likawekwa lango. Amri ikasomwa: mitumbwi yote ishukie gatini, chakula chote kiuziwe ndani ya lango, na muuza maziwa awe na kibali chenye jina lake, chombo chake kikaguliwe usafi. Msimamizi alikuwa kijana kutoka bara, amevaa kaptura iliyopigwa pasi, na watu walimwita Bwana Afya. Sitaki kumsema vibaya kuliko alivyokuwa. Alikuwa na kitabu na kalamu, na aliamini kwa moyo mweupe kwamba kila kitu duniani kina mwenyewe mmoja.

Siku ya kwanza ya lango ilikuwa zamu ya Hooyo.

Tulisimama jua likiwa limeshapanda, punda akihema, vyombo saba vimepangwa chini. Bwana Afya alifungua cha kwanza, akanusa, akakunja uso.

"Hii inanuka moshi."

"Ndiyo," nikasema, kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Na hizi nyeusi ni nini?"

"Mkaa."

Aliandika. Akamtazama Hooyo, halafu mimi. "Muulize, haya maziwa ni yake?"

Nilimuuliza. Hooyo alijibu upesi, kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. "La. Si yangu. Yangu yapo nyumbani."

"Anasema si yake," nikamwambia Bwana Afya. "Yake yapo nyumbani."

Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea, na miaka mingi nimekaa na kosa hilo. Sikuongeza kwamba ni ya wenzake, kwamba leo ni zamu yake, kwamba amana haisemwi kuwa yangu hata kwa mzaha. Sikuongeza kwa sababu nilidhani kila mtu anajua. Nilidhani na kwao, huko alikotoka, maziwa hubebwa hivyo.

"Si yake," Bwana Afya akarudia polepole. "Vyombo saba, na si yake."

Alimwita askari aliyekuwa langoni. Kilichofuata kilikuwa kifupi. Askari aliinamisha dhiil ya kwanza kando ya seng'enge, kisha ya pili, kisha zote. Ardhi ile ilikuwa kavu, lakini maziwa hayakuzama mara moja. Yalikaa juu kidogo, meupe, na chembe zile nyeusi zikielea. Kwetu tone la maziwa likidondoka mtu husema Bismillahi na kuinama. Sikujua husemwa nini kwa saba.

Nilimtazama Hooyo nikingoja. Alikuwa mwanamke ambaye sauti yake ingemrudisha punda aliyetoroka. Hakusema neno. Aliokota vyombo vitupu kimoja kimoja, akavifunika, akakaza kila mkanda kwa fundo la mwenyewe, akampakia punda. Komora alikuwa ndani ya seng'enge na gunia la mahindi begani, ameona yote. "Mama Habiba," alimwita kwa jina langu mimi, "ngoja nikupe japo—" Hooyo alitikisa kichwa, akaondoka.

Nilimfuata kwa aibu. Nitasema ukweli: nilimwonea aibu. Nilidhani ameogopa kaptura na kitabu. Njia nzima nilitembea nyuma ya punda ili nisiwe karibu naye.

Jioni alisimama mbele ya wanawake saba akamrudishia kila mmoja chombo chake kitupu. Alisema, "Yamemwagwa chini na serikali. Nilikuwapo." Hakuna aliyemlaumu. Lakini mahindi yalikuwa yamekwisha katika nyumba tatu, na kiangazi kile mbuzi wetu walikuwa wanatoa maziwa ya kulowesha vidole. Maziwa yale machache hayakutosha kushibisha watoto. Yakibadilishwa mahindi, yalitosha. Hesabu ilikuwa hiyo tu. Bila diko, nyumba nane zingekula nini?

Eedo Halima, dada yake baba, alikuwa na ulimi ambao hata wanaume waliuzunguka. Alisema, "Dahabo, uongo mdogo tu. Wakuandike wewe. Sema yote ni yako, upewe karatasi, mambo yaishe. Sisi tunajua ukweli."

"Leo mnajua," Hooyo akajibu.

"Na kesho?"

"Kesho karatasi inasema ni yangu. Mwaka kesho binti yangu anasoma karatasi. Mwaka mwingine mnakuja kwangu mkiomba niwabebee, nami nawachagulia siku. Halima, wewe unanijua. Mimi si mtu mzuri hivyo."

Wanawake walicheka, hata wale ambao hawakuwa na cha kupika. Ndipo nilipoelewa kwamba ukimya wake wa mchana haukuwa woga. Alikuwa anafikiri, na mtu akifikiri kwelikweli hana sauti ya ziada.

Siku iliyofuata hakuna aliyekwenda mtoni. Waliweka akiba ya maziwa, wakafukiza vyombo upya, wakazungumza. Alfajiri ya siku ya tatu wakaondoka wote wanane, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Na kila mmoja alibeba chombo kisicho chake. Hooyo alikuwa na cha Eedo Halima, Eedo Halima alikuwa na cha jirani, na hivyo hivyo mpaka wa nane aliyekuwa na cha Hooyo. Njiani Hooyo alinishika bega.

"Leo utasema ninavyosema. Usipunguze. Akiuliza kwa nini, uliza kwangu, usijibu kutoka kichwani mwako."

"Siku ile nilikosea?" nikauliza.

"Ulisema kweli," akasema. "Ilikuwa fupi tu."

Hatukwenda gatini. Tulipita juu ya mji mpaka kwenye kona ya mto, mahali penye tope na matete, pasipo lango wala seng'enge. Wanawake walikanyaga matete yakalala, kisha wakakaa kwa mpangilio ule ule wa diko la zamani, kila mmoja na aliyekuwa kushoto kwake na kulia kwake. Halafu tukangoja.

Mtumbwi wa Komora ulitokea baada ya muda, ukipanda polepole kutoka gatini, yeye akisukuma upondo, kijana wake akiwa nyuma. Alisimama mbali kidogo na ukingo. Kila mtu alijua analopima. Amri ilisema mtumbwi utakaoshukia pengine hautaruhusiwa gatini tena, na chumvi na nguo zote zilikuwa kule.

"Nabad," akasalimu, kwa Kisomali chake cha mtoni.

"Nabad," wakaitikia.

"Wewe Komora," Eedo Halima akamwambia kwa Kiswahili cha dikoni, "mguu yako naogoba tope?"

"Tope ni nyumbani kwangu, Halima. Naogopa ulimi wako."

"Basi rudi gati. Huko nabata nini?"

"Huko?" Komora aliegemea upondo. "Jana nimefunga mtumbwi wangu, naulizwa jina la mtumbwi. Nikasema, mtumbwi. Wakaandika. Wakaniuliza mwenyewe nani. Nikasema, aliuchonga babu, baba akautia kiraka, ndugu zangu wanautumia siku zangu za shamba. Wakachoka, wakaandika tena mtumbwi." Alitema majini. "Siku mbili watoto wangu wanakula ugali kwa maji. Gati halitoi maziwa, mama zangu."

Akasukuma upondo mara moja, kwa nguvu, na pua ya mtumbwi ikapanda juu ya matete. Mitumbwi miwili iliyokuwa nyuma yake ilikaa kidogo ikitazama, kisha nayo ikaja.

Hawakuwa wamepima hata kopo moja Bwana Afya alipofika, askari yule yule nyuma yake, wote wawili viatu vimejaa tope. Alikuwa amekasirika, lakini pia, nikimkumbuka leo, alikuwa amechoka. Wanawake hawakuinuka. Alisimama katikati yao akafungua kitabu.

"Mwambie mama yako, leo nataka jibu zima. Haya maziwa aliyoshika ni ya nani?"

Nilimuuliza Hooyo. Nikatafsiri, "Anasema si yake. Ni ya Halima."

"Halima yuko wapi?"

Eedo Halima aliinua mkono bila kuacha kutafuna kijiti chake.

"Basi Halima ndiye muuzaji. Hicho ulichoshika wewe ni chako?"

"Hapana," Eedo akajibu mwenyewe. "Hii ya huyu."

Aliyeonyeshwa alisema si yake, ya mwenzake. Bwana Afya aliandika la kwanza, akaandika la pili, la tatu akalikata. Alipofika kwa wa sita Komora alianza kucheka puani. Wa nane, mama mzee aliyekuwa hasikii vizuri, alimnyooshea kidole Hooyo. Bwana Afya alirudi pale alipoanzia.

"Mnanichezea," akasema.

Hooyo aliposikia tafsiri alisema maneno mengi, nami niliyaleta yote, nikihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo nisiache hata moja. "Anasema hakuna mchezo. Anasema hivi ndivyo tunavyobeba tangu kabla hujazaliwa na kabla hajazaliwa yeye. Mtu akibeba chake atakitanguliza. Akibeba cha mwenzake atakitunza, kwa sababu na chake kiko mikononi mwa mwingine. Anasema siku ile ulimuuliza akakuambia kweli, ukaifanya kweli yake kuwa kosa."

"Lazima mmoja aandikwe," Bwana Afya akasema. "Mmoja tu. Mkubwa wenu nani?"

"Anasema, mkubwa wa nini?"

Bwana Afya alifunga kitabu, akakitia kwapani. Aliinama, akaishika dhiil iliyokuwa magotini mwa Hooyo. Aliishika kwa mikono miwili, na Hooyo naye aliishika kwa mikono miwili. Hooyo hakuivuta. Hakuiachia. Niliona mishipa ya mikono yake na niliona fundo la Eedo Halima kwenye mkanda kati ya vidole vyao. Askari alitazama pembeni, mtoni.

Hooyo alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuomba mtu asogeze kuni. Nikatafsiri bila kupunguza.

"Anasema, juzi ulimwaga ya watu wasiokuwapo. Ilikuwa rahisi. Habari alibeba yeye, mwendo wote, akaisema mara saba. Leo wenyewe wapo. Anasema, mwaga. Lakini kila chombo, kabla hujakiinamisha, utamtazama mwenye nacho machoni, na utamwambia wewe mwenyewe watoto wake watakula nini jioni. Mimi nitakutafsiria."

Hilo la mwisho hakulisema Hooyo. Nililiongeza mimi. Ndilo neno pekee nililowahi kuongeza, na silijutii.

Bwana Afya aliinua macho. Eedo Halima alikuwa anamtazama. Wote wanane walikuwa wanamtazama, na wenye mitumbwi pia, na hakuna aliyepiga kelele ambayo angeweza kuiitia askari. Vidole vyake vililegea kimoja baada ya kingine, vikaiacha dhiil, na akabaki amesimama pale pale, kitabu kwapani, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Komora alikuwa ameshika kopo, limejaa mahindi, halina pa kupita.

Hooyo alinigeukia. "Mwambie asogee," akasema. "Amesimama mahali pa mtu."

Nikamwambia. Akasogea.